Mcheza Dansi Mbele ya Kuta za Chuma

Picha ya mcheza dansi mbele ya jengo la kuvutia huishi kwa tofauti: mwili ni laini na unapita, jengo ni gumu na limetulia. Ukumbi wa muziki wa Walt Disney mjini Los Angeles, Marekani, uliobuniwa na Frank Gehry na kufunguliwa mwaka 2003, huonyesha jambo hilo waziwazi. Kuta zake za chuma cha pua zimepinda kama tanga lililojaa upepo. Mkono ulionyooshwa mbele yake hufuata mkunjo huo au huukata, na kuukata hupendeza zaidi, maana mwili unaofuata kila mstari wa jengo humezwa nalo.

Kazi kubwa ni mwanga. Chuma hurudisha jua kwa ukali. Mwaka 2005 baadhi ya kuta hizo zilisuguliwa ili kupunguza mng'ao na joto lililosumbua majirani. Saa nzuri, basi, ni alfajiri na jioni, na nguo nyekundu hutenganisha mwili na rangi ile ya fedha.

Kunasa mruko hutaka kasi ya shata ya kamera ya takriban 1/1000 ya sekunde. Kitufe hubonyezwa mwili unapofika kileleni, kwani hapo hukaribia kusimama hewani. Kamera ikishushwa karibu na ardhi, mruko huonekana wa juu zaidi. Lenzi pana mno, hata hivyo, huvuta mguu ulio pembeni hadi ukapoteza umbo. Sakafu ya zege huumiza vifundo na magoti, hivyo miruko na iwe michache, tena baada ya mwili kupashwa moto.