Msongo wa Masomo katika Mwaka wa Kwanza wa Tiba: Jambo Letu Pia

Mdogo wangu anasoma tiba, mimi nasoma lugha. Tunalala chumba kimoja hapa Lubumbashi. Baada ya jaribio la kwanza la anatomia alirudi na alama 6 juu ya 20, akasukuma daftari chini ya kitanda, akaniambia: «Yaya, hii si kazi yangu. Narudi nyumbani.» Nilimjibu aongeze bidii. Lilikuwa jibu baya, na katika makala haya ninaeleza kwa nini.

Tuanze na neno lenyewe. «Msongo» linatokana na kitenzi kusonga, yaani kubana na kukandamiza, kama mwiko unavyosonga unga mpaka ukaze. Mara nyingi tunaongeza «wa mawazo», na hapo tunapotea, maana msongo si mawazo tu. Ubongo unapoona hatari, hupeleka amri kwa tezi ndogo iliyo chini yake. Tezi hiyo huamsha nyingine mbili zilizo juu ya figo, nazo humwaga homoni iitwayo kotisoli. Mwaka 1936 Hans Selye, akiwa Montréal, alieleza jinsi miili ya panya ilivyojibu madhara ya aina mbalimbali kwa namna inayofanana. Mtihani hauna meno, lakini mwili unaweza kuupokea kama adui.

Kotisoli ya muda mfupi huamsha akili. Ikibaki juu wiki nyingi, inaweza kuvuruga usingizi na kusumbua hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kuhifadhi mambo mapya. Ndiyo maana anayekesha kila usiku anaweza kusoma saa nyingi na kukumbuka kidogo. Kumwambia «ongeza bidii» ni kuongeza kuni motoni.

Kwa nini sayansi za msingi? Anatomia, histolojia, biokemia na fiziolojia huja kwa wingi mwanafunzi akiwa bado hajazoea wagonjwa. Haoni upesi faida ya anachokariri. Mtu mzima ana mifupa 206, na mifupa hiyo ina mashimo, kingo na vichwa vyenye majina. Hapa ndipo sisi watu wa lugha tunapohusika. Mdogo wangu huwaza kwa Kiswahili, hufundishwa kwa Kifaransa, na majina mengi yana asili ya Kilatini au Kigiriki. Alikuwa akikariri sauti, si maana.

Jioni moja tulifungua silabasi yake pamoja. Clavicule ni kifunguo kidogo; sisi tunauita mtulinga. Rotule ni kigurudumu. Kiswahili kiliona pia, ile ya watoto kuzungusha, kikasema pia ya goti. Tibia kwa Kilatini ilikuwa pia filimbi. Kwetu ni muundi. Alicheka, kisha akaitaja yote bila kuangalia.

Lugha haimalizi msongo. Bado anahitaji usingizi, wenzake wa kuulizana maswali, na mtu wa kumsikiliza. Huzuni ikidumu, amwone daktari. Lakini mzigo wa maneno tunaweza kuupunguza. Tumeanza orodha ya safu tatu: Kifaransa, maana ya asili, Kiswahili. Mguu umekwisha, mkono unangoja. Mwenye ndugu katika tiba achukue ukurasa mmoja.

Daftari limetoka chini ya kitanda. Jaribio la pili ni wiki ijayo.