Mtambo Usio na Grisi Nao Unataka Fundi



Hapa Abuku mtoto akipimwa malaria, jina lake hubaki katika daftari la zahanati, lakini hesabu husafiri. Kila mwezi mhudumu hujumlisha wagonjwa katika fomu iitwayo HMIS 105, na hesabu hiyo huingizwa katika mtambo wa kompyuta uitwao DHIS2. Kenya iliuanza nchi nzima mwaka 2011, Uganda ikafuata mwaka 2012. Hesabu zikipotea, wapangao dawa hupanga gizani, na atakayekosa tembe ni mtoto wa mfanyakazi.

Mtambo huu ulianzia Afrika Kusini miaka ya 1990, ubaguzi wa rangi ulipoondoka. Sasa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, ndicho kinachouendeleza, na programu yake hutolewa bure. Neno hilo "bure" huwapumbaza wakubwa wengi. Wanadhani kitu kisicho na mkanda wala grisi hakichakai.

Kinachakaa, ndugu zangu. Kompyuta inayotunza hesabu hujaa. Toleo la zamani la programu huacha matundu ya wezi kupenya. Neno la siri la mtu aliyeacha kazi zamani bado lafungua mlango. Nakala ya akiba huwekwa kila usiku, lakini kama hakuna aliyewahi kujaribu kuirudisha, siku ya ajali ndipo itajulikana kuwa ni tupu. Na kila mfadhili huja na fomu yake, anataka iongezwe leo. Kuongeza ni kazi ya siku moja; kuitunza ni kazi ya miaka. Mafundi wachache hawana budi kukataa baadhi ya fomu, na kufuta zile zisizojazwa tena.

Kiwanda kimoja nilikofanya kazi zamani kilikuwa na mtu mmoja tu aliyejua boila. Hakuandika lolote, wala hakuna aliyemwomba aandike. Akaachishwa kazi. Boila likagoma siku tatu, na siku hizo sisi hatukulipwa! Yeye simlaumu hata kidogo.

Mafundi wa kompyuta nao ndivyo walivyo: wawili, watatu, simu zao zinalia hadi usiku wa manane. Ni wafanyakazi kama sisi. Wanahitaji zamu, likizo, saa za kazi za kuandika wanachokijua, na mtu wa pili kwa kila funguo. Matawi yenye wanachama wa namna hiyo yaingize madai haya katika mkataba, pamoja na mshahara.