Chungu Iliyo Tamu

Mswahili akionja kitu akakipenda, husema ni kitamu. Neno hilo hulitumia kwa asali, kwa pilau, kwa hadithi na hata kwa usingizi wa alfajiri. Uchungu nao hauishii kwenye shubiri na mwarobaini, bali hufika hadi kwenye msiba. Basi afanyeje mtu anayetaka kusema kwamba kinywaji fulani ni kichungu, na kwamba uchungu huo ndio uzuri wake? Swali hili lilinikabili nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamifu kaskazini mwa Uingereza. Halikunijia darasani, bali katika baa moja ya mji wa viwanda vya sufu huko Yorkshire.

Mwenyeji wangu, mzee aliyestaafu ualimu, aliniagizia painti ya Landlord, bia ya kampuni ya Timothy Taylor ya mji wa Keighley, iliyoasisiwa mwaka wa 1858. Ni ya jamii ambayo Waingereza huiita Bitter, yaani Chungu, pasipo kuongeza neno jingine. Jina hilo lilienezwa na wanywaji wa karne ya 19. Watengenezaji walipendelea kuinadi kwa weupe wa rangi yake, lakini wanywaji, waliotaka kuitofautisha na bia laini isiyo na uchungu mwingi, wakaiita kwa ladha yake. Umma ukashinda, kama ilivyo desturi katika mambo ya lugha.

Kwetu mhudumu huuliza, "Baridi ama moto?" Bia hii si baridi wala si moto. Hutunzwa katika chumba cha chini ya baa, kwenye nyuzi 11 hadi 13 za selsiasi. Haichujwi, wala haipashwi moto ili kuua hamira. Huingia katika pipa, aghalabu la galoni 9, ingali hai, na humo huchachuka mara ya pili. Gesi iliyomo ni ile iliyojizalia yenyewe, na mhudumu huivuta bia kwa pampu ya mkono. Pipa likishafunguliwa, hewa huanza kazi yake, na baada ya siku tatu hivi uzuri umekwenda. Aliyewahi kunywa mnazi kule Pwani hahitaji ufafanuzi zaidi: tembo la asubuhi si tembo la jioni. Kwa hiyo, anayeitoa alama bia hii huwapima watu wawili kwa pamoja, aliyeipika na aliyeitunza.

Nilionja, nikasema ni nzuri. Mzee akaniuliza, "Nzuri kwa lipi?" Nilijua mara moja kwamba ualimu haujamtoka.

Akanifundisha kwanza kutazama. Rangi ilikuwa ya kaharabu, nayo bia angavu hata ungeweza kuona vidole upande wa pili wa gilasi. Ukungu ungekuwa dalili ya pipa ambalo halijatulia. Povu lilikuwa zito kama malai, kwa kuwa watu wa kaskazini hufunga kichujio kidogo kwenye mdomo wa pampu. Watu wa kusini husema kufanya hivyo ni kuiharibu bia, na ugomvi huo siuingilii. Kisha nikanusa: maganda ya machungwa, maua, na nyuma yake kimea cha shayiri, mfano wa biskuti iliyotoka tanurini. Ulimini ulitangulia utamu wa shayiri, ukafuatwa na uchungu wa hopsi uliopanda polepole. Nilipomeza, akaniamuru nisiseme neno hadi ladha iishe. Haikuisha upesi. Uchungu ulibaki nyuma ya ulimi, mkavu na safi, ukiniita kwenye funda la pili. Ingekatika pale pale, mzee angeiita chapwa.

Hayo ndiyo mazuri. Mabaya nayo yana majina, na kila jina huelekeza kwenye chanzo chake. Harufu ya siki hutokana na hewa na bakteria. Ya siagi mara nyingi ni hamira ambayo haikuachwa imalize kazi, na ya karatasi iliyolowa ni bia iliyochakaa. Katika miaka ya 1970 mwanasayansi Morten Meilgaard aliyapanga majina ya namna hii katika duara moja, ili waonjaji wa nchi mbalimbali waweze kusikilizana. Waamuzi wa mashindano yanayofuata utaratibu wa Kimarekani wa BJCP hutoa alama 50: harufu 12, sura 3, ladha 20, hisia kinywani 5, na hukumu ya jumla 10. Natamani walimu wa insha tungeutazama mgawo huo. Sura imepewa 3 tu!

Wanachama wa CAMRA, chama cha Waingereza cha kuitetea bia hii, hutumia kipimo kifupi zaidi, kuanzia 0, bia isiyonyweka, hadi 5, bia kamilifu, ambayo mnywaji mzoefu huitoa kwa nadra. Chama hicho kiliasisiwa mwaka wa 1971 na vijana wanne, wakati makampuni makubwa yalipokuwa yakiyaondoa mapipa na kuleta kegi, bia iliyochujwa, ikauawa hamira na kusukumwa kwa gesi. Jina lake la kwanza lilizungumzia kuihuisha bia. Mwaka wa 1973 wakalibadilisha, wakadai Bia Halisi, na tangu hapo mnywaji wa kawaida akawa na neno la kuagizia kile alichokuwa akinyang'anywa. Landlord yenyewe imetwaa taji la bia bora ya Uingereza mara nne, ya kwanza mwaka wa 1982 na ya nne mwaka wa 1999.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Lakini wahenga walikuwa wakisema juu ya sifa tupu. Alama iliyoandamana na sababu haimpi mgema nafasi hiyo, na sababu haisemeki bila msamiati. Msamiati tunao: ugwadu wa ukwaju, ukakasi wa ndizi mbichi, uchachu wa maziwa yaliyolala, shombo ya samaki. Niliwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wanipambanulie ugwadu na ukakasi. Wengi walinijibu kwamba yote ni "ukali". (Sikuwaonjesha bia, mzazi asihofu.)

Miezi kadhaa baadaye, katika baa nyingine, nililetewa painti ya bia nyingine iliyonuka siki. Hapo mwanzo ningesema ni mbaya, nikabishana na mhudumu, au ningeinywa kwa aibu ya ugeni. Nilisema, "Siki." Aliinusa, akaimwaga, akaligeuza bango la pampu ile lisisomeke, kisha akanipa nyingine bila malipo.

Juma langu la mwisho huko nilirudi na mzee kwenye ile Landlord. Nilitoa alama 4. Yeye alitoa 3, akasema pipa hilo lilifunguliwa juzi. Nilidhani ananitania. Mhudumu akafungua daftari lake, akapitisha kidole kwenye mistari, akasema, "Juzi, saa sita mchana."