VIPIMO: Kwa nini mtoto anafaa kujua mapema kwamba lita si kilo

MTOTO wa Gredi ya Tano anapotumwa sokoni kununua kilo mbili za maharagwe, aghalabu hurejea na gorogoro moja, na mzazi hana la kulalamikia. Katika masoko mengi ya Kenya gorogoro, yaani kopo lililowahi kutiwa kilo mbili za mafuta ya kupikia, huhesabiwa kuwa kilo mbili hata linapopimiwa mahindi, ndengu au unga.

Kesho yake mtoto huyo huyo huketi darasani akafundishwa kwamba uzito hupimwa kwa mizani na ujazo hupimwa kwa chombo. Anayanakili hayo daftarini, anafanya zoezi na kupata alama zake. Ni nadra mtu kumketisha na kumweleza kuwa alichotumia jana kilikuwa chombo, wala si mizani, na kwamba kilo mbili za mafuta hazimaanishi kilo mbili za kila kitakachoingia kopo hilo baadaye.

Kopo lenyewe lina nafasi ya lita mbili na kidogo. Likijazwa mahindi makavu hukaribia kilo mbili, hasa mwuzaji akiwa mkarimu wa kuacha kilele. Likijazwa unga usioshindiliwa, huenda uzito usifike hata kilo moja na nusu. Na hapo pana dhana kwamba kopo ni zima. Wanunuzi wazoefu hugeuza gorogoro kwanza na kutazama kitako, maadamu wanajua kuwa kitako kilichobonyezwa ndani kwa nyundo hupunguza ujazo bila mtu aliyesimama mbele ya meza kung'amua.

Hili ndilo jambo ambalo majedwali ya vipimo hayamwonyeshi mtoto. Urefu, uzito na ujazo ni maswali matatu tofauti. Urefu huuliza kutoka hapa hadi pale ni umbali gani, na jibu lake ni mita. Uzito huuliza kitu kina wingi gani wa maada, na jibu lake ni kilogramu. Ujazo huuliza kitu kinachukua nafasi kiasi gani, na jibu lake ni lita. (Wanasayansi hutofautisha tungamo na uzito, lakini dukani na katika shule ya msingi neno uzito linatosha.)

Ajabu ya mfumo wa metriki ni kwamba waliouunda waliyafunga maswali hayo matatu kwa kamba moja, na kamba hiyo ni maji.

Chukua kisanduku cha mraba ambacho kila upande wake, yaani urefu, upana na kimo, una sentimita 10. Nafasi iliyomo ndani ni lita moja kamili. Kijaze maji safi, na maji hayo yatakuwa na uzito wa kilo moja. Mtoto anaweza kutengeneza kisanduku hicho kwa katoni, akakitandika karatasi ya plastiki ndani na kukimiminia paketi mbili za maziwa za nusu lita. Zitakijaza hadi ukingoni. Akishaliona hilo kwa macho yake, hana haja tena ya kukariri kwamba lita moja ni sentimita 1,000 za ujazo, kwani 10 mara 10 mara 10 ameishika mkononi.

Kutoka hapo mengi hujifungua yenyewe. Mtungi wa maji wa lita 20 unaobebwa na watoto wengi kutoka kisimani una uzito wa kilo 20, mbali na ule wa mtungi mtupu. Tangi la lita 1,000 likijaa hubeba tani nzima ya maji, ndiposa fundi mwangalifu haliweki juu ya nguzo za mbao hafifu. Mita ya maji iliyo nje ya nyumba huhesabu mita za ujazo, na kila moja ni lita 1,000, sawa na mitungi 50.

Kiswahili chenyewe kimechangia kidogo kuwakanganya watoto. Sisi hukata neno kilogramu na kubakisha kilo, na mtoto hukua akiamini kilo maana yake ni uzito. Anapokutana na kilomita hushindwa kuelewa uzito umeingiaje barabarani. Ukweli ni kwamba kilo ni kiambishi tu chenye asili ya Kigiriki, na maana yake ni elfu moja. Kilomita ni mita elfu, kilogramu ni gramu elfu. Mili nayo, kutoka Kilatini, hugawanya kwa elfu: milimita, miligramu, mililita. Senti hugawanya kwa mia, kama ilivyo senti katika shilingi. Mwenye kuvijua viambishi hivi vitatu ameshika sehemu kubwa ya anayohitaji. Dekamita na hektomita hutajwa darasani kisha husikika kwa nadra sana nje ya shule.

Si kwamba Waswahili hawakuwa na vipimo kabla ya hivi. Wafanyabiashara wa pwani walipima nguo kwa shibiri, mkono, wari na pima. Shibiri mbili zilifanya mkono, mikono miwili ikafanya wari, wari mbili zikafanya pima, ambayo ni urefu wa mikono iliyonyooshwa kutoka ncha ya vidole hadi ncha nyingine. Nafaka zilipimwa kwa kibaba na pishi, na pembe za ndovu na karafuu kwa frasila, takriban kilo 16. Mfumo huo wa kugawa mara mbili mbili ulikuwa na mantiki yake. Dosari yake ilikuwa mkono wa nani? Mwuzaji mfupi na mnunuzi mrefu hawangeweza kukubaliana bila ugomvi.

Ufaransa ilikuwa na tatizo hilo hilo katika karne ya 18, pale ambapo kipimo kilibadilika kutoka mji mmoja hadi mwingine. Baada ya mapinduzi ya 1789, wataalamu wake waliamua kutafuta kipimo kisichotokana na mwili wa mfalme wala wa mchuuzi. Walikubaliana kuwa mita iwe sehemu moja kati ya milioni 10 za umbali kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta, na kuanzia 1792 wanaastronomia wawili, Delambre na Méchain, walitumia takriban miaka saba kupima kipande cha umbali huo kutoka Dunkirk hadi Barcelona. Walikosea kwa kiasi cha milimita 0.2 kwa kila mita, kosa dogo mno kwa vifaa vya wakati huo.

Tangu 1983 mita haitegemei tena ardhi bali mwendo wa mwanga, na tangu Mei 20, 2019, kilogramu haitegemei tena kipande cha metali kilichohifadhiwa karibu na Paris bali kiwango kisichobadilika cha fizikia. Kwa mwenye duka la Gikomba au Kongowea, hakuna kilichobadilika.

Kenya iliurithi mfumo wa Kiingereza wa inchi, futi, ratili na galoni, na ikauacha kisheria baada ya uhuru. Kuuacha midomoni ni jambo jingine. Mtu akiingia duka la vifaa vya ujenzi leo ataulizwa anataka mabati ya mita mbili, mbili na nusu au tatu, kisha papo hapo auziwe mbao kwa futi. Rula ya mwanafunzi ina sentimita 30 upande mmoja na inchi 12 upande wa pili, na wapo watoto wanaoanza kupima kutoka upande mbaya, wakapata jibu la ajabu na kunyimwa alama bila kuelezwa kilichotokea. Inchi moja ni sentimita 2.54. Futi moja ni sentimita 30.48, na ndiyo sababu rula hiyo huonekana kana kwamba pande zake zinalingana.

Katika ardhi, mchanganyiko huu una bei. Ploti ya futi 50 kwa 100 huuzwa kote nchini kwa jina la thumni ya ekari. Hesabu haikubali. Futi hizo ni mita 15.24 kwa 30.48, eneo la takriban mita 465 za mraba, ilhali thumni ya ekari ni takriban mita 506 za mraba. Tofauti ya mita 41 za mraba inatosha vyumba viwili vizuri. Hatimiliki nayo huandikwa kwa hekta, ambayo ni mita 10,000 za mraba, na mnunuzi akiona 0.0465 huenda asitambue kuwa karatasi inasema kweli kuliko wakala.

Hasara kubwa zaidi, hata hivyo, huwapata wakulima, na chanzo chake ni kule kule kwa gorogoro. Mkulima wa viazi wa Nyandarua au Meru amezoea kuuza kwa gunia, na gunia ni chombo. Mnunuzi huja na gunia lake, akalijaza, kisha akalishonea wavu mdomoni na kuzidi kupanga viazi juu hadi litune kama kichuguu. Hiyo ndiyo lumbesa. Bei ni ya gunia moja, uzito ni wa gunia moja na ushei. Kanuni za zao la viazi zilizotolewa 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia, lakini utekelezaji wake umekuwa wa kusuasua, kwa sababu kikomo cha kilo hakina maana mahali ambapo hakuna mizani.

Maziwa yana hila ya chini kwa chini. Lita moja ya maziwa ina uzito wa takriban kilo 1.03, yaani ni mazito kidogo kuliko maji. Mfugaji anayelipwa kwa kilo lakini maziwa yake yakapimwa kwa chombo cha lita hupoteza takriban kilo tatu katika kila lita 100. Kwa siku moja ni kitu kidogo. Kwa mwaka mzima ni karo. Mafuta ya kupikia yanaelekea upande wa pili: lita 20 zake hazifiki kilo 19. Asali huzidi yote hayo, kwani lita moja ina takriban kilo 1.4, na anayeuza asali kwa bei moja ya "kilo au lita" anajipunja mwenyewe.

Asifikirie mtu kwamba ni wakulima na watoto pekee wanaokwama hapa. Mnamo Julai 23, 1983, ndege ya Air Canada aina ya Boeing 767 iliyokuwa ikitoka Montreal kwenda Edmonton kupitia Ottawa iliishiwa na mafuta ikiwa juu ya futi 40,000. Canada ilikuwa ikihamia mfumo wa metriki, na ndege hiyo mpya ilihesabu mafuta kwa kilogramu. Safari ilihitaji kilo 22,300. Mafuta hutiwa kwa lita, kwa hivyo ilibidi lita zigeuzwe kuwa kilo, na waliohesabu walizidisha kwa 1.77, ambayo ni uzito wa lita moja ya mafuta hayo kwa ratili, badala ya takriban 0.8, ambayo ni uzito wake kwa kilo. Ndege ikaruka na ratili 22,300 za mafuta, pungufu ya nusu. Rubani aliitelezesha bila injini hadi kwenye uwanja wa zamani wa kijeshi wa Gimli, na watu wote 69 waliokuwamo wakaokoka.

Hesabu iliyowashinda watu wazima hao ni ile ile ya mtoto mwenye gorogoro: lita hii ya kitu hiki ina kilo ngapi?

Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kitaifa 2019 unataka mtoto apime, si akariri tu. Walimu wengi husema vifaa havipo, na ni kweli mizani ya shule ni ghali. Hata hivyo, vijiwe vya kupimia vimejaa jikoni. Paketi ya unga wa kilo mbili ni kijiwe cha kilo mbili. Chupa ya nusu lita ikijazwa maji ni kijiwe cha gramu 500. Ubao, uzi na chupa mbili hufanya mizani ya kuning'iniza, na darasa likijaza chupa moja maharagwe na nyingine maji, litaona ubao ukiinama upande wa maji. Dakika hiyo moja ya mshangao hufanya kazi ambayo kurasa tatu za mazoezi haziwezi.

Kisha kuna chupa moja ambayo mtoto anafaa kufunzwa kuisoma kabla ya nyingine zote, nayo ni ya dawa. Dawa ya maji ya homa ya watoto, parasetamoli, aghalabu huandikwa miligramu 120 katika mililita 5. Uzito umo ndani ya ujazo: miligramu ni dawa yenyewe, mililita ni maji yanayoibeba. Daktari anaposema kijiko kimoja anamaanisha mililita 5, na vijiko vya jikoni havijui hilo. Kijiko cha mezani huchukua takriban mililita 15, mara tatu ya kile cha dawa. Katika nyumba ambamo bibi ndiye mlezi na mjukuu wa Gredi ya Tano ndiye msomaji, yeye ndiye atakayeulizwa kilichoandikwa, na ndani ya pakiti mara nyingi mna kikombe kidogo cha plastiki chenye mistari, ambacho hutupwa pamoja na karatasi.