Mbegu, Vipando na Mifugo Mpakani Tunduma: Kibali Hutangulia Safari

Mwishoni mwa miaka ya 1970, mdudu mdogo mweusi, mwenye urefu wa milimita nne hivi, alianza kuharibu mahindi yaliyohifadhiwa mkoani Tabora. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Wataalamu walimwita dumuzi. Baadhi ya wakulima wakampa jina la Scania, kama malori ambayo wakazi wa Tunduma huyaona kila siku yakisubiri kuvuka. Jina hilo lilimstahili. Dumuzi huruka, lakini hakuvuka bahari kwa mabawa yake. Alisafirishwa ndani ya nafaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikwisha kubainika wilayani Nakonde, upande wa pili wa mpaka, na hadi leo kaya nyingi za Songwe huingia gharama ya kununua dawa au mifuko maalumu ili kuyanusuru mahindi yake.

Kuzuia safari za namna hiyo ndiyo kazi ya wakaguzi wa afya ya mimea waliopo mpakani. Wapo chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoanzishwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Mtu anayekusudia kuingiza nchini mbegu, miche, vipando, matunda au nafaka hupaswa kwanza kuomba kibali cha kuingiza mimea kutoka Mamlaka hiyo. Kibali hutaja masharti ya zao husika. Muuzaji aliyeko Zambia huyapeleka masharti hayo kwa wakaguzi wa nchi yake, nao wakiridhika hutoa cheti cha usafi wa mimea. Mzigo ukifika Tunduma, nyaraka hulinganishwa na shehena yenyewe hukaguliwa. Malipo yote hufanyika kwa namba ya malipo ya Serikali, na mlipaji hupewa stakabadhi.

Mpangilio huo ndio unaowakwamisha wengi. Katika Kituo cha Pamoja cha Huduma Mpakani, msafiri anayeingia Tanzania hukamilisha taratibu za nchi zote mbili upande wa Tunduma. Aliyenunua kwanza na kukumbuka vyeti baadaye hugundua upungufu akiwa na gunia mkononi, na wakati huo mkaguzi hana uwezo wa kumwandikia cheti ambacho kilipaswa kutolewa ng'ambo. Mzigo usio na nyaraka, au wenye visumbufu, unaweza kufukizwa, kurudishwa ulikotoka au kuteketezwa. Mfanyabiashara mdogo aliyekopa mtaji huumia zaidi hapo kuliko mwenye lori kumi.

Hata hivyo, hatari kubwa haimo kwenye malori peke yake. Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili za mpaka, na ndugu hutembeleana misibani na harusini bila kwenda mikono mitupu. Fungu la vipando vya mihogo kwa ajili ya shangazi wa Chapwa ni zawadi ya upendo, lakini ugonjwa wa michirizi ya kahawia huenezwa kwa vipando. Shina huweza kuonekana zima, majani yakiwa na dalili hafifu, ilhali mizizi inaoza ardhini. Mwenye shamba huijua hasara siku ya kuvuna. Tahadhari hiyohiyo yahusu machipukizi ya migomba na marando ya viazi vitamu. Sheria haitofautishi mzigo wa kichwani na wa kwenye tela, na kupitia njia za panya hakuondoi ugonjwa uliomo.

Kwa upande wa wanyama, kibali hutolewa na Wizara ya Mifugo na Uvuvi, na kila mnyama huambatana na cheti cha afya kilichotolewa na daktari wa mifugo wa Serikali ya nchi anakotoka. Wafugaji wa nguruwe wana sababu ya kuwa makini zaidi. Homa ya nguruwe ya Afrika haimdhuru binadamu, lakini haina tiba, na virusi vyake hudumu katika nyama mbichi, mabaki ya chakula, viatu na magari. Kipande cha nyama kilichoingizwa kimyakimya, mabaki yake yakatupwa bandani, chaweza kumaliza banda zima.

Wanaouza nje nao wanahusika. Zambia ilipokumbwa na ukame mkali mwaka 2024, ilihitaji mahindi ya Tanzania. Mahindi yanayovuka kwenda huko nayo hudaiwa cheti cha usafi wa mimea, safari hii kutoka TPHPA. Ukaguzi huo hufanyika kabla ya gari kuingia kwenye foleni, hivyo ni busara kuuomba mzigo ungali ghalani.

Mkazi ambaye tayari ana vipando au mnyama kutoka ng'ambo bila nyaraka anashauriwa asivipande wala asimchanganye na wengine, bali amwone afisa kilimo au afisa mifugo wa kata yake mapema.