Dawa ya kahawa: Mbona mzee haachi kunyunyiza?

Je, msomaji, ukienda nyumbani Othaya, Mukurweini au Mathira, huwa unamkuta baba amebeba pampu mgongoni akinyunyizia kahawa dawa, mikono wazi, shati limelowa? Pengine umemkanya mara nyingi. Usidhani ni ukaidi.

Adui yake ni chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa yangali mabichi. Uligunduliwa humu nchini mwaka wa 1922 na hustawi penye baridi na unyevu, yaani miteremko ya Mlima Kenya hasa. Mibuni ya SL28 na SL34, ambayo wazee wengi wanayo, haiuhimili. Hivyo hunyunyiza dawa za shaba tena na tena kila msimu. Dawa hizo huwasha macho na ngozi. Zile za kuua wadudu ni hatari zaidi.

Mibuni inayohimili chulebuni ipo. Ruiru 11 ilitolewa mwaka wa 1985, na Batian, yenye jina la kilele cha mlima huo, mwaka wa 2010. Mbona basi mzee hang'oi ile ya zamani? Mwombe akupigie hesabu. Mche mpya huchukua miaka miwili au mitatu kabla ya kuleta pesa, na karo haingoji. Isitoshe, SL28 inasifika kwa ladha, naye anahofia bei itashuka. Tena anataka kwanza kuona shamba la jirani likizaa. Mimi sioni kosa hapo. Atakayekosa mavuno si afisa wa kilimo.

Kuna njia ya katikati: kupandikiza. Mbuni mzee hukatwa, machipukizi yake yakaungwa na vijiti vya Ruiru 11 au Batian. Kwa kuwa mizizi ni ya zamani, huzaa mapema kuliko mche, na anaweza kuanza na mibuni michache huku mingine ikilipa karo. Ukimlipia fundi wa kuunga, utamsaidia kuliko kumhubiria.

Hata hivyo, wadudu bado watahitaji dawa wakati mwingine. Sumu nyingi huingilia ngozini, hasa mikononi, na mgongoni pampu ikivuja. Mnunulie glavu za mpira, na nguo za kazi hiyo zifuliwe kando. Akishikwa na kizunguzungu, jasho jingi, kutokwa na mate au kuona ukungu, mvue nguo, mwoshe kwa sabuni na maji mengi, kisha mkimbize hospitalini pamoja na chupa au pakiti ya dawa yenyewe, ili daktari ajue ni sumu gani.