Kitako Kipya kwa Bastola ya Kale

Mpwa wangu ni fundi samani huko Ohio, Marekani, na siku hizi akinipigia haulizi tena habari za mpunga. Anauliza mbao. Kuna mteja amemletea bastola ya Kijerumani, Mauser C96, ambayo ala yake ilipotea zamani, naye anataka achongewe nyingine. "Mjomba, mninga utafaa?" Mimi ni seremala hapa Mwaya, Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, kazi yangu ni milango, vitanda na makasia. Silaha sijawahi kuzigusa kwa patasi, wala sina kibali cha kufanya hivyo. Ila hilo alilouliza ni la mbao, nikamwambia anitumie picha.

C96 ilianza kutengenezwa Oberndorf, Ujerumani, mwaka 1896. Risasi zake 10 hazikai ndani ya kishikio kama bastola za leo, zinakaa mbele ya kifyatulio. Kishikio ni chembamba, cha mviringo, na mgongoni mwake pamechimbwa mfuo. Asiyejua atadhani ni pambo. Ala nayo ni ya mbao ya mjozi, tupu ndani, yenye kifuniko cha bawaba. Ukiwa safarini bastola inalala humo. Ukitaka kulenga mbali unaitoa, unaigeuza ala, na ulimi wa chuma ulio kwenye ncha yake nyembamba unausukuma kwenye ule mfuo mpaka kitufe kishike. Kile kifuniko sasa ndicho kinachokaa begani. Ala imekuwa kitako.

Faida yake ni utulivu. Bastola ya mkononi haina pa kuegemea, na mkono ukitikisika kidogo tu risasi inamkosa mtu aliye mita 50. Kitako kinaongeza bega na shavu. Kilengeo cha C96 kina alama hadi mita 1000, na hapo naona kiwanda kilijisifu: risasi ya milimita 7.63 kutoka mtutu wa sentimita 14 huko mbali haina la maana.

Wenzangu karakanani wanauliza kwa nini mjukuu wa Mnyakyusa ahangaike na bastola ya Mjerumani. Nawajibu kwamba Wajerumani si wageni hapa. Mwaya ilikuwa bandari yao ya ziwani, na mizigo ilipanda kutoka hapa hadi Neu-Langenburg, ndiyo Tukuyu. Kikosi chao kilikaa Masoko. Tarehe 9 Septemba 1914 walivuka kwenda kupigana na Waingereza Karonga, wakashindwa, na mwishoni mwa Mei 1916 jeshi la Waingereza chini ya Northey lilipanda kutoka Nyasaland likaitwaa Tukuyu. Bastola rasmi ya jeshi la Ujerumani tangu 1908 ilikuwa Luger. C96 ofisa alijinunulia mwenyewe. Mwaka huohuo wa 1916 ndipo jeshi lilipoagiza C96 150,000 za risasi ya milimita 9, zikachorwa tarakimu 9 nyekundu kwenye kishikio ili askari asichanganye risasi. Kwa jinsi Waingereza walivyoziba bahari, sidhani hata moja ya hizo iliona Ziwa Nyasa.

Turudi kwenye kazi. Kuchimba ndani ya ala ni kuchonga mtumbwi ambao huwezi kuingiza mkono: ukuta ukiwa mnene bastola haiingii, ukiwa mwembamba unapasuka siku ya kwanza ya baridi. Kwa hiyo nyuzi za mbao lazima zifuate urefu, hasa pale kwenye ncha nyembamba panapobeba chuma. Nyuzi zikikatiza hapo, kitako kitavunjika palepale, hata ukipaka gundi ya aina gani. Na mbao iwe imekauka kweli. Hapa Kyela mvua haitupi nafasi. Ubao nauweka darini miezi mingi na bado unajikunja. Huko Ohio, nyumba zikipashwa moto wakati wa baridi, hewa inakauka mno, na ubao mbichi utasinyaa mpaka skrubu zilegee.

Ulimi wa chuma mpwa wangu aliununua dukani, nakala ya kusubu. Nakala hizo huja nene kidogo makusudi. Anaupaka masizi ya mshumaa, anauingiza taratibu, anautoa, anatazama masizi yamefutika wapi, na hapo pekee anapitisha tupa. Kisha tena. Nilichomkazania ni kwamba tupa iguse chuma kipya tu. Bastola ina zaidi ya miaka 100, na ukiuparura mfuo wake hakuna wa kuurudisha. Ulimi ukicheza, mdomo wa bastola unapiga kila upande, heri usiwe na kitako.

Halafu kuna sheria, na hapa ndipo swali la mninga lilipopata jibu. Sheria ya Marekani ya 1934 huihesabu bastola yenye kitako kuwa raifo fupi, kwa vile mtutu haufikii inchi 16, na raifo fupi lazima isajiliwe serikalini. Lakini idara inayosimamia silaha imeziachia baadhi ya bastola za kale, C96 na Luger za mtutu mrefu zikiwemo, kwa sharti kwamba kitako kiwe cha asili au nakala inayofanana nacho kabisa. Ukibuni chako kizuri zaidi bila kuisajili bastola, umevunja sheria. Kwetu Tanzania hakuna hata mlango huo: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka kibali kwa anayemiliki na kwa fundi anayekarabati, na mwenye chuma cha zamani cha Mjerumani nyumbani akipeleke polisi, asikilete kwangu.

Mninga ni mzuri, hausinyai sana, na ningependa useremala wa Kusini uonekane Ohio. Lakini nakala ni nakala. "Tumia mjozi," nikamwambia, "mafuta ya kitani, usipake vanishi ya kung'aa." Mninga aufanyie kibao cha kuisimamishia bastola kabatini.